Chervi, Neno la Muzee Lorenti

Siku ya tatu baada ya kumzika Mama Aline, watu wa kilio walipopungua na viti vya kukodi kuanza kurundikwa karibu na geti, Aline alinishika mkono akaniketisha kwenye ngazi za veranda. Sasa naye ni mama wa watu, ana mvi mbele ya masikio, na kwa miaka mingi tumekuwa tukionana kwenye harusi na misiba tu. Aliniuliza kwa sauti ya chini, kana kwamba wazazi wake wangeweza kumsikia: "Mwalimu, ni kweli mama alilala mu chumba ya cherehani miezi mitano? Tantine mumoja ameniambia leo asubui. Mi sikujua. Tulikuwa Kigali, tukipiga simu banatuambia byote iko sawa." Nikamwambia ni kweli. Akaniuliza sababu. Sababu ilikuwa neno moja tu, tena neno la karata, la Kirusi, na mmoja wa watu waliolijenga neno hilo likawa ukuta kati ya wazazi wake nilikuwa mimi. Jambo kama hilo halielezwi kwenye ngazi, watu wakipita na sufuria. Nikamwahidi kwamba nitaliandika, na ndilo hili ninaloliandika.

Nilikuwa na miaka ishirini na minne. Nilitoka Tanzania, nikapangiwa kufundisha darasa la tatu hapa Gisenyi, na Kinyarwanda changu kilikuwa kibovu kiasi kwamba watoto niliowafundisha walinisahihisha kwa huruma. Mama Aline alinipangisha chumba cha nyuma katika nyumba yao ya Nengo. Chumba kilikuwa chembamba, sakafu ya saruji iliyopakwa rangi nyekundu, na dirisha likitazama ukuta wa mawe meusi ya volkano ambao kwenye mvua ulitoa harufu kama ya jungu lililoungua. Nilitegemea nitakuwa mpangaji wa kuingia na kutoka. Lakini siku ya kwanza nilipokuwa nikichemsha viazi vyangu viwili kwenye jiko dogo, Mama Aline alitokea mlangoni na futi ya mshonaji shingoni, akavitazama vile viazi, akasema: "We mwalimu, hapa mutu hakule peke yake kama mugonjwa. Kuja mezani." Kuanzia siku hiyo nilikula mezani mchana na jioni, na mezani ndipo nilipokutana na mumewe, Muzee Lorenti.

Alikuwa injinia wa maji. Ujanani alisomea Urusi, miaka sita, na watu wa Gisenyi walikuwa wakisema kwamba hakuna bomba hapa mjini asilolijua linapoanzia. Miezi miwili kabla sijafika alipatwa na kiharusi. Mkono wa kulia ukalala, mguu ukawa wa kuburuta, na maneno yakamtoka yote: Kinyarwanda, Kiswahili, Kifaransa, vyote kwa mara moja. Macho yake lakini yalikuwa mazima. Nilipomwamkia mara ya kwanza alinitazama kwa makini, kama mtu anayekagua kazi ya fundi, akainua mkono wa kushoto, akafungua mdomo, akasema wazi kabisa: "Piki." Zaituni, aliyekuwa mpishi pale na aliyevuka mpaka kutoka Goma, Kongo, kila asubuhi, akaweka sahani chini akacheka kwa uchungu. "Tena anarudi ku pikipiki. Kila siku piki, piki. Anataka apande pikipiki aende wapi na ule muguu?" Mama Aline hakucheka. Alisimama akafunga dirisha kwa sababu upepo wa ziwa ulikuwa unapeperusha kitambaa cha meza, na Muzee akatulia, akaanza kula. Mimi niliona yote mawili, dirisha na kutulia kwake, wala sikuyaunganisha. Sijui kwa nini. Labda mtu akishaambiwa kwamba mwenzake amepoteza akili, huacha kumtafutia maana.

Maneno yake yalikuwa manne tu. La kwanza hilo la pikipiki. La pili lilikuwa *kresti*, na hilo lilipokelewa vizuri, maana kila aliyelisikia alijua anamwita Kristo. La tatu lilimuumiza Mama Aline zaidi ya kiharusi chenyewe. Chakula kikichelewa, au Zaituni akipita na sambaza, dagaa wa ziwani hapa, zinazotoka moto kwenye kikaango, Muzee alinyoosha kidevu na kusema: "Bubni." Sisi tulisikia *bubu ni*, sentensi iliyokatika kabla ya kufika mwisho. Bubu ni mimi. Bubu ni mumeo. Tulikaa pale na vijiko mikononi tukingoja aimalize, naye akitungoja sisi, mpaka Mama Aline akaanza kulia ndani ya isombe yake, kisamvu cha hapa. Siku moja nilimsikia akimjibu kwa upole, kama anayembembeleza mtoto: "Hapana, Papa Aline. We si bubu. Utasema." Muzee akagonga meza kwa ngumi ya kushoto, "Bubni! Bubni!", mpaka glasi ikaanguka. Leo nikikumbuka ile ngumi huona aibu. Mwanamume alikuwa na njaa, na sisi tulikuwa tunamfariji.

La nne lilikuwa *chervi*. Hili hakulisema kwa sababu ya upepo wala chakula. Alilisema kwa Mama Aline peke yake. Mashine ya kushonea, ambayo mchana aliitoa chumba cha cherehani na kuiweka verandani, ikinyamaza, na nyayo zake zikisikika kwenye ukumbi, Muzee aliinua kichwa, na uso wake uliolegea upande mmoja ukajivuta pamoja kwa kazi kubwa, akasema "Chervi" kwa sauti laini sana. Mama Aline alijibu "Karame", jibu la heshima la Kinyarwanda kwa mtu aliyekuita, akamrekebisha mto, akarudi kushona. Angeendelea hivyo mpaka mwisho, nafikiri, kama mimi na Zaituni tusingekuwa na midomo.

Ilikuwa siku ya mapumziko. Nilikuwa jikoni namsaidia Zaituni kutoa vichwa vya sambaza. Nikamwambia, kwa kujisikia mwerevu, kwamba nimegundua kitu: hilo neno Muzee halisemi kwa mtu mwingine yeyote, ila kwa Mama. Zaituni akaacha kisu. "Na we haukuelewa? Ile si neno, ile ni jina. Miaka sita Urusi, kijana, hana bibi. Unazani alikuwa analala na vitabu?" Tukacheka. Mimi nikaongeza, Mungu anisamehe, kwamba hata mlio wake ni wa jina la kike, Chervi, kama Sherifa, na kwamba maskini akimwona mkewe anafikiri ni yule mwingine. Maneno hayo ni yangu, si ya Zaituni. Tulipoinua macho, hatukumwona mtu. Dirisha la jikoni lilitazama uani na uani palikuwa na nguo zilizoanikwa tu. Lakini jioni ile Mama Aline hakuketi mezani. Usiku huohuo alihamishia godoro kwenye chumba cha cherehani, akasema kazi ya yunifomu ni nyingi na hataki kumwamsha mgonjwa. Muzee alipomwita asubuhi, "Chervi," hakujibu "Karame". Alimgeuzia mgongo, akatoka.

Miezi iliyofuata nyumba ilipoa. Mama Aline hakumwacha mumewe na kiu wala uchafu hata siku moja. Alimwogesha, alimnyoa ndevu, alimbadilisha shuka. Lakini alifanya yote mdomo umefungwa, na jioni mlango wa chumba cha cherehani ulifungwa mapema. Muzee hakuelewa amekosa nini. Aliongeza kumwita. Aliita mpaka jina lile, kama lilikuwa jina, likawa linasikika hadi kwa jirani, na kadiri alivyoita ndivyo mkewe alivyozidi kuwa baridi. Mimi nilikaa naye mchana baada ya shule, nikisahihisha madaftari karibu na kiti chake, nikajua kwamba kitu fulani kimevunjika na kwamba huenda nimeshika nyundo. Sikuwa na ujasiri wa kuuliza. Nilijiambia kwamba ni uchovu, ni kazi, ni umri.

Ndipo akaja Faustini, mdogo wake Muzee, mkulima wa viazi kule Kanzenze na mtu wa kanisa. Alikuja na wenzake wanne wa maombi na gunia la viazi begani. Namsema vizuri kwa sababu alikuwa mtu mwema. Walimzunguka kaka yake sebuleni, wakaomba saa nzima, na katikati ya maombi Muzee akaanza kuita, "Kresti! Kresti! Kresti!", jasho likimtoka. Wale watu wakafurahi, wakainua sauti. "Anamuita Yesu mwenyewe!" Faustini akapiga magoti akilia. Walipomaliza alimketisha Mama Aline pembeni, nami nikiwa mezani na madaftari yangu nilisikia kila neno. "Shemeji, we umechoka, mi naona. Kaka yangu akili imeenda, imebakia roho tu. Mavuno ikiisha nitakuja na gari nimupeleke Kanzenze, kule iko batu ba kumuangalia na kumuombea. We utabakia na kazi yako." Nilingoja Mama Aline akatae. Alitazama mikono yake, akasema: "Bon, sawa. Ukuje mavuno ikiisha."

Usiku ule sikupata usingizi, na kesho yake, wakati Mama Aline yuko sokoni kununua nyuzi, nilifanya kitu ambacho mpangaji hafanyi. Nilifungua droo ya kabati la sebuleni ambayo Muzee alikuwa akiinyooshea mkono mara kwa mara, nikamwekea mapajani albamu ya picha. Aliifungua mwenyewe kwa mkono wa kushoto, akaenda moja kwa moja kwenye picha moja: vijana wawili weusi ndani ya makoti makubwa, wamesimama kwenye theluji, wanacheka na meno yote nje. Mmoja alikuwa yeye. Akaweka kidole kwa yule wa pili, akanitazama, akatazama tena. Nyuma ya picha paliandikwa jina: Kasereka. Zaituni alipoiona akasema: "Eh! Ule si Kasereka wa farmasi? Iko Birere, karibu na kwetu. Alikuwa anakuja hapa zamani, kabla mambo ya mupaka haijaharibika." Nikamuuliza kwa nini hakuna aliyemwita tangu Muzee augue. Zaituni akashusha sauti. "Mama hataki. Mara moja nilimutajia, akaniambia: ule anajua byote bya kule Urusi, asikanyage hapa." Hapo ndipo nilipoelewa kwamba siku ile ya sambaza dirisha la jikoni lilikuwa na masikio.

Jumamosi iliyofuata nilivuka mpaka na Zaituni kwenye bariyeri ndogo, katikati ya wamama waliobeba nyanya na vitunguu kichwani. Nilitembea kama mwizi, na kweli nilikuwa naenda kuiba siri ya watu. Farmasi ya Kasereka ilikuwa chumba kimoja chenye kaunta ya mbao na harufu ya iodini. Mwenyewe alikuwa mzee mfupi, mchangamfu, kofia kichwani, akimfokea mtu aliyetaka dawa bila karatasi ya daktari. Nilipomwambia kwamba Lorenti ana kiharusi na kwamba hasemi, alivua kofia akakaa kwenye kiti chake. Kisha nikamwambia kwamba ana maneno manne tu. "Gani?" akauliza. Nikayataja yote kwa mfuatano, nikiogopa hasa lile la mwisho: piki, kresti, bubni, chervi. Alinitazama kana kwamba nimemtukana. Halafu mabega yake yakaanza kutikisika, nikadhani anacheka, na alikuwa anacheka, lakini machozi yalikuwa yanamshuka mpaka kwenye kidevu. "Ile ni karata, binti yangu," akasema. "Ni karata! Unieleze, anasemaka *bubni* saa gani?" Nikasema wakati wa kula. Akasimama, akavua koti lake jeupe, akamwambia yule mteja: "Farmasi imefungwa."

Alifika Nengo tukiwa naye, jasho likimchuruzika, pakiti ya karata za zamani mfukoni. Mama Aline alikuwa verandani kwenye mashine. Alipomwona, alisimama, akanitazama mimi, na mtazamo ule sitaki kuuona tena katika maisha yangu. Kasereka alimsalimia kwa heshima, kwa mikono miwili, naye akaitikia kwa baridi. Tulipoingia sebuleni, Muzee alimwona rafiki yake, akatoa sauti ambayo haikuwa neno lolote. Walishikana vichwa. Kasereka akavuta kiti, akapanga mbele yake karata nne kwenye meza, moja ya kila aina, akageuka kwetu. Mimi niliziita kwa majina ya Tanzania: kopa, uru, pau, shupaza. Mama Aline, aliyekuwa amesimama mlangoni mikono imefungwa kifuani, alizijua kwa Kifaransa alichojifunza shuleni kwa masista. Kasereka akagusa moja moja. "Hii nyeusi yenye ncha, piki. Hii ya misalaba, kresti. Nyekundu ya pembe ine, bubni. Lakini musikilize vizuri. Mwaka wa kwanza kule, hatukuwa na lugha. Tulifika na Kifaransa yetu, na professeur anasema Kirusi tangu asubui. Maneno ya kwanza tulishika tulishika ku meza ya karata, mu hosteli, na wale vijana ba pale. Donc tukafanya lugha yetu. Piki, ile ni baridi, juu inachoma kama mukuki. Kresti ni mutihani, ni mateso, juu professeur alikuwa anatuwekea misalaba nyekundu ku kazi yote. Bubni ni chakula, juu kuponi ya kantini ilikuwa na rangi ile. Hata tulipojua Kirusi muzuri, tuliendelea. 'Lorenti, iko nini leo?' 'Leo ni piki na bubni.' Baridi na njaa. Miaka sita."

Nilikuwa nafikiria dirisha, na sahani zilizochelewa, na Faustini wa watu akishangilia huku kaka yake akilalamika mateso, mateso, mateso. Zaituni alikuwa ameziba mdomo kwa kanga. Karata ya nne, ile ya moyo mwekundu, ilikuwa bado haijaguswa, na Mama Aline ndiye aliyeuliza. Sauti yake ilikuwa kavu. "Na Chervi? Huyo ni nani?"

"Si mutu," akasema Kasereka. "Chervi ni hii." Akaisukuma karata ya kopa mpaka ukingoni mwa meza. "Mu lugha yabo neno hili ni minyoo pia, tulichekaka sana juu ya ile. Lakini mu lugha yetu, sisi wawili, chervi ni barua ya nyumbani. Posta ilikuwa inakuja mara moja kwa mwezi. Mi sikupataka kitu, batu ba kwetu hawakujua kuandika. Lorenti alikuwa anapata kila mara. Anapanda ngazi anapiga kelele, 'Chervi! Chervi!', hosteli nzima inatoka. Ananisomea na mimi, kusudi nisijisikie vibaya. Habari ya mvua, ya ngombe, ya masista." Akamtazama Mama Aline kwa mshangao wa kweli, akamwita kwa jina lake. "Mais Immaculée, ni we ulikuwa unaandika."

Mama Aline hakulia. Watu hufikiri kwamba katika saa kama ile mtu hulia. Alikuja mpaka kwenye meza, akaishika ile karata, akaigeuza nyuma na mbele kama anayetafuta saini yake. Kisha akavuta kiti akakaa, si karibu na sisi, karibu na Muzee, goti kwa goti. Muzee alikuwa ameufuata mwendo wake wote kwa macho. Uso wake ukajikusanya, polepole, kwa kazi ile kubwa ninayoijua. "Chervi," akasema. Na Mama Aline, baada ya miezi mitano, akamjibu: "Karame." Kasereka alituashiria mimi na Zaituni kwa kidole, tukatoka naye uani, tukasimama kati ya nguo zilizoanikwa bila kujua tuweke wapi mikono.

Siku zilizofuata zilikuwa za kujifunza. Kasereka alivuka kila Jumamosi, akatufundisha mchezo wao, unaoitwa duraki, yaani mjinga. Ni mchezo usio na mshindi. Kila mtu anatupa karata zake mpaka ziishe, na anayebaki nazo mkononi mwishoni ndiye mjinga. Turufu inaitwa kozir. Muzee alicheza kwa mkono wa kushoto, karata zake zimesimamishwa kwenye mfereji wa ubao ambao fundi wa Mbugangari aliuchonga kwa agizo la Mama Aline, na alicheza vibaya sana kwa muda wa dakika kumi hivi. Baada ya hapo alitufunga wote. Nyumbani tukaanza kusema kama yeye. Zaituni aliita kutoka jikoni, "Bubni tayari!" Asubuhi ya mvua nilimkuta Mama Aline akifunga dirisha na kujisemea, "Leo ni piki kabisa." Nami shuleni, ukaguzi ulipokaribia, niliwaambia walimu wenzangu kwamba wiki hii ni kresti, wakaitikia amina. Na kwa sababu sasa tulimjibu, maneno mengine yakaanza kumrudia Muzee, machache, kwa mpangilio wake mwenyewe. La kwanza lilikuwa "hapana". Alilitumia wiki nzima kwa kila kitu, kwa furaha ya mtoto.

Mavuno yalipoisha, Jumamosi moja Kasereka akiwapo, Faustini alikuja na gari kama alivyoahidi. Alikuwa ametandika godoro nyuma, na blanketi jipya juu yake. Mama Aline alimpokea, akampa chai, akamwambia: "Shemeji, kabla umupeleke, ukae ucheze naye karata mara moja." Faustini akasema karata si mambo ya mtu wa kanisa. "Basi ukae tu ushike," akasema Mama Aline, "Mungu atafumba jicho moja." Akakaa. Kasereka alimwonyesha sheria. Mara ya kwanza Faustini alibaki na karata tisa mkononi. Mara ya pili alikuwa ameinama juu ya meza, kofia imevuliwa, akifikiri kwa nguvu, na kaka yake akamngoja kwa subira, akampiga kwa kozir ndogo aliyokuwa ameificha tangu mwanzo. Faustini aliitazama ile karata. Akamtazama kaka yake usoni, nadhani kwa mara ya kwanza tangu augue. "Aliiweka," akasema polepole. "Aliiweka kusudi. Alijua nitakuja na hii." Muzee akanyoosha kidole akamgusa kifuani, akasema neno ambalo hatukuwa tumelisikia bado, la Kinyarwanda, lile ambalo kaka humwita mdogo wake: "Murumuna." Faustini aliweka kichwa mezani juu ya karata. Gari ilirudi Kanzenze bila mgonjwa, na godoro akatuachia.

Muzee Lorenti aliishi miaka saba baada ya hapo. Hakufikia hata maneno sitini, lakini alikwenda mpaka ziwani kwa fimbo, na vijana wa idara ya maji walikuja kumchukua atembee nao, wakitaja mtaa na yeye akionyesha kwa fimbo bomba linapopita. Mimi sikuwapo. Mwisho wa mwaka ule nilipata nafasi ya kwenda kusomea kufundisha watoto wasiosikia na wasiosema, kazi niliyoifanya mpaka nilipostaafu, na sikuwahi kuifikiria kabla ya kukaa kwenye meza ile. Nina deni la shukrani kwa nyumba ya Nengo ambalo siwezi kulilipa. Lakini niliondoka bila kusema lililokuwa likinikaa kooni. Mara tatu nilisimama mlangoni mwa chumba cha cherehani, ambacho sasa kilikuwa cha kushonea tu, nikitaka kumwambia Mama Aline kwamba lile jina la mwanamke mimi ndiye niliyelishona, na mara tatu nikauliza habari za vifungo.

Asubuhi ya kuondoka nilikuwa nimekaa verandani na sanduku, nikingoja gari. Mlango wa sebule ulikuwa wazi nusu. Mama Aline alikuwa ameanza tena kumwandikia mumewe barua, jambo ambalo sikulijua. Aliziandika jioni kwa mkono, kisha asubuhi akaketi akamsomea, kwa sababu tangu kiharusi Muzee hakuweza tena kufuata mistari. Nilimsikia akisoma kwa sauti ya mwanafunzi, bila kukimbia, kwa Kiswahili chao cha hapa ambacho nadhani alikichagua siku ile kwa makusudi, ili nami nielewe:

"Lorenti, hapa nyumbani tuko wazima. Mvua imenyesha siku mbili, ukuta ya nyuma inanuka tena. Aline amepiga simu, mutoto anatembea. Mwalimu anaenda leo na gari ya saa ine. Ni yeye alisema mu jikoni kama Chervi ni mwanamuke, nilikuwa nyuma ya mashuka nilisikia. Na ni yeye alivuka mupaka kutafuta Kasereka, sikumutuma. Anataka kunisemea jambo moja tangu muda murefu, anashindwa, anauliza vifungo. Mi nimeshamusamehe zamani. Nimemufungia sambaza za kukaanga na viazi, atakula njiani."

Gari ilipiga honi. Nilisimama, nikaingia, nikamkumbatia Muzee, kisha nikamkumbatia mkewe. Aliniwekea kifurushi mkononi, bado cha moto, kimefungwa kwenye kitambaa cha yunifomu kilichobaki. Nilikifungua kabla hatujatoka mjini. Kufika Ruhengeri nilikuwa nimemaliza zote, na viazi vyake, nikilia na kula, na abiria niliyekaa naye akanipa leso yake bila kuuliza.